Malalamiko juu ya Neno "Profaundi" Lililotupandisha Jiweni

Mwanza, Agosti 1936

Kwa Bwana Mhariri,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipokaa na miwani yako. Mimi ni Shimba Kashindye, mpima kina wa motaboti ya Bwana Harish, ile inayovuta tishali la pamba kutoka Kamanga kuja Mwanza. Nimesoma mpaka darasa la tatu, na la nne nimelisikiliza dirishani, kwa hiyo ukikuta Kiswahili kizuri humu usishangae. Nakuandikia kwa adabu kuomba jambo dogo tu: neno la Kiingereza "profaundi", maana yake kina kirefu sana, lipigwe marufuku katika ziwa hili, nami nirudishiwe kazi yangu, ambayo tangu Jumatatu inafanywa na Masalu, mtu asiyejua hata kivumishi kimoja.

1. Neno hili nililetewa na mwalimu Antoni, aliyekaa misheni miaka mingi akarudi na koti la sufu analolivaa hata jua la saa saba. Alinieleza kwamba asili yake ni Kilatini, maana yake kuelekea chini kabisa, na kwamba wenye lugha hiyo zamani walilitumia kwa bahari. Akasema ni kubwa kuliko "dipu", neno la kila siku la kina, ambalo hata wapishi wa Wazungu wanalijua. Sasa nikuulize, Bwana Mhariri: mtu ambaye kazi yake ni kusimama mbele ya chombo akishusha uzi wenye uzito wa risasi mpaka chini kabisa, neno hilo si lake? Kama si lake ni la nani, la fundi cherehani?

2. Siku hiyo Bwana Harish mwenyewe alikuwemo chomboni. Nikaona haya kuita "pima tatu, pima nne" mbele ya tajiri, kama mtu auzaye kitambaa. Desturi yetu ni kwamba nikiita, Mzee Maige aliyeshika usukani hurudia nilichosema kwa sauti, ndipo ageuze. Asiporudia hageuzi, hata mbele pawe na kiboko. Ni desturi nzuri, imewafikisha watu salama tangu mimi sijazaliwa. Basi mbele yetu palikuwa na jiwe, na kulia kwake maji mengi. Nikaita kwa sauti safi, "Kulia, profaundi."

Mzee Maige akaanza, "Kulia, po... kulia, poro... Kijana, hebu rudia." Nikarudia, tena polepole, kama Antoni anavyofundisha. Akasema, "Mwanangu, hiyo ni pima ngapi?" Nikamweleza asili yake. Nilipofika kwenye Kilatini, jiwe nalo lilikuwa limefika.

Ieleweke kwamba maji ya kulia yalikuwa na kina kweli. Sikukosea kipimo. Kilichokosekana ni meno ya mbele ya Mzee Maige, na hayo sikuyang'oa mimi.

3. Bwana Harish, ameketi juu ya marobota yaliyolowa, hakunikaripia kwa ajili ya jiwe. Alicheka, na hilo ndilo lililoniuma. "Shimba, maji hayaitwi hivyo. Hilo ni neno la fikra, la huzuni, la shukrani. Maji ni dipu tu." Jumatatu uzi wangu akampa Masalu. Nikamwendea Antoni. Akakubali bila haya kwamba Waingereza wa leo wamelitoa neno majini wakalianika. Kimya chaweza kuwa profaundi, na ujinga pia, akasema huku akinitazama. Kisima hakiwezi. Jumapili tulipotoka kanisani akasema mahubiri ya katekista yalikuwa profaundi. Nikamwuliza habari ya usingizi wa Mama Wilhelmina, ulioanza katikati ya mahubiri hayo hayo. Akasema nao ulikuwa profaundi. Kumbe mhubiri anafaa na aliyelala anafaa, ila ziwa lote hili, lililomeza mitumbwi pamoja na wenyewe, halijafikia daraja.

4. Kwa hiyo naomba serikali itunge sheria. Ama neno lirudi majini lilikotoka, ama kila atakayelitumia nchi kavu kwanza aingie ziwani mpaka shingoni, alitamke akiwa hapo, na Masalu ampime. Walimu watangulie. Hilo likishindikana, Waingereza waandikiwe watafute kivumishi kifupi, ambacho Mzee Maige ataweza kukimaliza.

Sifichi kwamba nimeumia. Zamani watoto wa Kamanga wakiniona pale mbele ya chombo walinipungia mikono. Sasa wananiita Profaundi, na wanalitamka vizuri mno.

Nisalimie wachapaji wako, wasomaji wote wanaosoma, na wale wanaofungia karanga kwa gazeti lako. Nami ni mtu wako mnyenyekevu niliyeonewa,

Shimba Kashindye

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha Bwana Harish ameniita. Masalu anaita vizuri, lakini chombo kikiyumba hutapika, na mtu anayetapika hawezi kurudiwa maneno. Ameniambia nirudi kazini, kwa sharti nitaje namba tu. Nikainama, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba shukrani zangu ni profaundi. Akamwita karani wake aje asikie, akasema hapo sasa ndipo mahali pa neno hilo. Kwa hiyo, Bwana Mhariri, neno halina kosa lolote. Popote nilipolilaumu neno, futa uandike jiwe, kisha uchape.