Ombi la Kumsajili Mwanangu Mansour Kuwa Kichwa cha Risasi

Troyeville, Johannesburg
Jumatano

Kwa Mwenyekiti,
Klabu ya Walenga Shabaha wa Jumamosi

Mheshimiwa Mzee Théodore,

Natumaini wewe na Mama hamjambo, na goti lako limepata nafuu. Sisi huku tunaamka, ingawa kuamka kunataka mtu awe amelala kwanza.

Mimi ni Zuhura, mke wa Luqman, Baba Tabia, yule mlinzi wa Doornfontein mliyempokea klabuni mwaka juzi. Nimesoma mpaka kidato cha pili kule Tanga, kwa hiyo nikikosea heshima mahali, ni kalamu, si moyo. Bastola yake ina leseni na inalala kwenye sefu, hilo sina neno nalo. Nalalamikia risasi anazojijazia mwenyewe nyumbani ili aje kutoboa nazo karatasi zenu, hasa tangu mlipomwonyesha zile zenye vichwa bapa vilivyopakwa shaba. Naomba uwasomee wanachama wote malalamiko haya.

1. Chumba. Tulikuwa na chumba kidogo cha Mansour, ambaye ana miezi mitano. Sasa kina benchi na mashine ya kukandamizia risasi, na Mansour analala kati yangu na ukuta. Mlangoni Baba Tabia amebandika karatasi: MTU AKIWA KWENYE BENCHI HASEMESHWI. Anasema akisemeshwa anaweza kusahau, akatia baruti mara mbili kwenye ganda moja, bastola ikampasukia mkononi. Mkono wa mume wangu naupenda, kwa hiyo natii. Lakini Tabia, binti yetu wa miaka mitano, ambaye hajawahi kutii neno langu hata moja, hiyo karatasi anaitii kama amri ya polisi. Nikisogea mlangoni na nepi mkononi kuomba msaada, ananiwekea kidole mdomoni: "Thula, Mama." Ninyamaze! Mtoto niliyemzaa mwenyewe.

2. Kupangusa. Zamani alikuwa anatumia vichwa vya madini ya risasi matupu, vile vinavyoacha weusi vidoleni. Nilipopata mimba nikamwambia, "Mikono hiyo haitamgusa mtoto wangu." Akakubali bila ubishi, akaleta hivi vya shaba visivyochafua. Nikajipongeza. Kumbe nimemletea mume wangu mke mwenza, tena anayeng'aa. Mzee, wewe ni mtu wa Lubumbashi, shaba umekua nayo, huenda imeshakuzoea. Huyu wangu anachukua kichwa kimoja kimoja, anakipangusa kwa flana ya mtoto, anakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, anakitabasamia. Jirani yangu Jeannine, msusi, alichungulia akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Dada, bwana yako iko anapangusa ile vitu sawa vile mtoto mchanga! Na mtoto mchanga yeye nani anamupangusa?" Nikamwambia mimi.
Kwa hiyo mikono ya baba imekuwa safi, kama nilivyotaka. Mtoto bado hajashikwa.

3. Mizani. Hili ndilo lililoniliza. Siku ya akika ya Mansour tulimnyoa, na kama unavyojua kwa majirani zako Waislamu, nywele za mtoto hupimwa ili itolewe sadaka ya fedha yenye uzito uleule. Wengine hukadiria tu, wakaenda kula. Baba Tabia akaleta mizani yake ya baruti. Akazima feni. Akawaomba wageni thelathini wasipumue upande wa meza. Akapima mara ya kwanza, hakuridhika. Mara ya pili, mtu alikohoa. Mara ya tatu akatangaza, "Greni ishirini na mbili nukta nne!" Maalim Selemani akauliza kwa upole, "Ndiyo gramu ngapi hizo, mwanangu?" Mume wangu akafikiri, akamjibu kwamba gramu haijui, ila wanahitajika watoto sita na ushee ili kufikisha uzito wa kichwa kimoja cha risasi.
Biriani ilipoa. Baadaye nikafungua daftari lake la risasi, nikakuta kati ya mafungu mawili ameandika: Nywele, Mansour, 22.4, safi. Hiyo ndiyo mara pekee baba yake amemwandika mahali popote. Kadi ya kliniki naijaza mimi.

4. Eish, samahani, Mansour ameamka. Nimerudi, na la nne nimelisahau. Lilikuwa zito sana.

5. Matundu. Wanaume wa klabu yenu wanasema uzuri wa kichwa bapa ni kwamba hakichani karatasi. Kinaikata duara safi, kama ile mashine ya ofisini ya kutobolea karatasi, hata anayehesabu alama habishani na mtu. Sawa. Lakini picha yetu ya harusi imeshushwa ukutani ili karatasi ya Jumamosi iliyopita ipandishwe. Matundu matano yamegusana katikati, naye anayatazama akila wali. Nikimwonyesha tundu la soksi ya Tabia, lenye ukubwa uleule, anasema halioni.

6. Kutokana na hayo, nimefikiri kwa utaratibu. Mume wangu si mtu mbaya. Ni mpole, ni mvumilivu, ana macho ya kuona kasoro ndogo kuliko unywele, na hachoki kurudia jambo mara hamsini. Sifa zote za baba anazo. Tatizo ni kwamba mwanawe hajapakwa shaba. Kwa hiyo naiomba Kamati:

(a) imsajili Mansour kuwa kichwa cha risasi, aina bapa, ili naye apimwe, apanguswe, ageuzwe kwenye mwanga na kulazwa kwenye kisanduku chenye jina lake. Kwamba hana shaba, nitamtetea: akitoka kuoga na kupakwa mafuta anang'aa vya kutosha.

(b) imwamuru Baba Tabia aondoe benchi kabla ya Jumamosi, na chumba kirudi kwa mwenyewe.

Sidai makubwa, Mzee. Nataka mtoto ashikwe na baba yake, na mimi nikae chini nusu saa bila kuitwa.

Nisalimie Mama, wanachama wote, na yule bwana wa getini anayempa Tabia biskuti.

Wako mwenye usingizi na heshima,
Zuhura, Mama Tabia

N.B. Mzee, utakuwa umeona kuwa kuanzia la tano mwandiko umenyooka. La kwanza hadi la nne niliyaandika jikoni kwa siku tatu. Haya mengine nimeyaandika leo mchana, nimekaa kwenye benchi, mlango nimeufunga. Baruti na kila kitu viko kwenye sefu na funguo anazo mwenyewe, mimi nina kalamu tu. Dakika arobaini sasa, hakuna aliyeniita. Baba Tabia amerudi kutoka kazini, nimesikia nyayo zake zikifika mlangoni na kusimama. Amesoma karatasi yake mwenyewe. Mansour akaanza kulia, kisha akanyamaza, maana amebebwa.

Tafadhali futa (a) na (b). Benchi libaki. Nitumie fomu ya uanachama, bastola sihitaji. Ingekuwa fupi barua hii, lakini sina haraka ya kutoka: nasikia anamwambia Tabia kwa sauti ya chini, "Thula. Mama yuko kwenye benchi."