Mtego wa Mafuta Niliomwonyesha Bibi Afya

Jamaa zangu, mzee wenu leo nimejiaibisha mchana kweupe, mbele ya watu wanaokula.

Jana jioni alinipigia simu afisa afya mpya wa kata, binti mwenye adabu sana. Baada ya shikamoo akaniambia kuwa leo atapita mgahawani kukagua mtego wa mafuta, na kama sina, atafunga mlango. Nikamwitikia vizuri. Kesho Ijumaa tunapika pilau ya walima. Mchele umeshafika, wageni wameshaalikwa. Nikifungiwa, baba wa bwana harusi nitamtazama kwa macho gani?

Sasa mimi, mtego ninaoujua ni wa panya. Panya sina. Lakini nikajisemea, serikali siku hizi imekuwa makini, mpaka chambo inatuchagulia. Asubuhi nikazunguka Kanyenye nzima nikiazima mitego kwa majirani. Nikaipaka samli. (Samli safi ya Igunga. Hata mimi mwenyewe huionja kwa sikukuu.)

Baada ya Adhuhuri mgahawa ukajaa. Binti akaingia, akaamkia, akauliza mtego uko wapi. Nikaipanga mitego yangu juu ya kaunta, mmoja mmoja, kama mtu anayeuza saa. Tena nikapaza sauti, ili na wateja wajue wanakula mahali salama.

"Yote ina mafuta, mwanangu. Panya wa hapa hatoki mzima."

Nikauchokoza mmoja kwa mwiko kumwonyesha. Ukafyatuka pa, ukaung'ang'ania mwiko.

Vijiko vikasimama. Mama mmoja akaisogeza sahani yake pembeni, taratibu, kama anayeogopa kuiamsha. Mtani wangu Mgogo, dereva wa lori, akainua kipande cha nyama akakigeuza huku na huku.

"Nyie Wanyamwezi," akasema, "kumbe huyu ndiye mbuzi wenu?"

(Mtani hajibiwi kwa hasira. Lakini leo nilitamani.)

Binti alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio. Alipopata pumzi akanieleza polepole kwamba anaulizia kile kinachokaa chini ya sinki, kinachozuia mafuta ya vyombo yasiingie kwenye bomba na kuganda.

"Lile kasha?" nikamuuliza.

"Kasha gani, babu?"

Nikampeleka jikoni. Fundi aliyelifunga aliliita kasha, nasi tukaliita kasha. Kila siku nikitoka kuswali Alfajiri, kabla moto haujawashwa, nalifunua na kuzoa utando wa mafuta uliolala juu ya maji. Hata leo nilizoa, ndipo nikaenda kuazima mitego. Binti akafunua kifuniko, akamulika kwa simu, akatazama maji yakipita chini, meupe, bila harufu.

"Babu, huu ndio mtego wa mafuta. Na ni msafi kuliko yote niliyokagua."

"Sasa unatega nini?"

"Mafuta."

Nikasema alhamdulillahi, nikaketi juu ya gunia la viazi. Hakuniacha nipumzike. "Na hao panya uliowatangaza?"

Nikainuka tena. Nikamweleza kwamba mitego yote ni ya kuazima, kwamba panya sijawahi kuwa naye. Hakubishana, ila aliingia stoo akapekua kila gunia, kila kona, hata nyuma ya ndoo za mchele. Mimi mlangoni ninasoma kila dua niliyofundishwa. Akatoka na vumbi kwenye mtandio, hana alichokiona. Akatuaga, akasema kesho tupike kwa amani.

Niliporudi mbele, nilimkuta yule mama ameirudia sahani yake, Mungu ambariki. Mtani yeye alishaongeza sahani ya pili, akaniomba aletewe nyama ya mkia.

Mgahawa uko wazi, jamaa zangu, na walima ipo. Mnaokuja kesho nawaomba jambo moja tu: mkitaka kunicheka, mezeni kwanza.