Stuli Sita na Chumba cha Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata meza kwenye maonyesho ya kazi za mikono, Jumamosi hii! Mara yangu ya kwanza. Mke wangu hakushangilia. Kasema sawa, ila nisipomuuzia mgeni, mtu tusiyemjua, hata stuli moja, karakana yangu inatoka chumba cha nyuma na mama yake anaingia. Mama yake, aliyekuja mwezi uliopita kwa siku tatu, analala sebuleni kwenye kochi, miguu nje, na hukohoa kila nikipita ili nisisahau. Chumba kile ndicho pumzi yangu. Sitoi!
Stuli sita ziko tayari. Nimezipiga randa mpaka zinateleza.

Jumanne, 4 Machi
Mama mkwe kakalia stuli moja. Ikayumba. Akauliza, kwa upole wake ule, kama ndivyo zinavyotakiwa kuwa. Nikamwambia sakafu ya sebuleni ni mbovu. Akaibeba hadi jikoni. Ikayumba. Barazani, ikayumba. Kazunguka nayo nyumba nzima, mama wa watu!
Si kitu. Mguu mmoja tu ndio mrefu. Nimechukua msumeno.

Jumatano, 5 Machi
Nilikata mguu mrefu, ukawa mfupi. Nikakata mitatu mingine iufikie. Mmoja ukabaki mrefu. Nikakata. Kumbe na zile tano zinayumba; kufika adhuhuri stuli zote sita zilikuwa vigoda, na viwili kati yake kuku angevivuka bila kuinua mguu. Mke wangu kauliza kama nimeanza kuuza mbao za kukatia vitunguu. Nikajikaza kisabuni, nikaendelea kukata.
Mama mkwe anaokota vipande vinavyodondoka, kila kimoja chembamba upande huu, kinene upande ule, maana msumeno wangu haupendi kunyooka. Anavijaza kwenye beseni. Angalau anapenda usafi.

Ijumaa, 7 Machi
Vyote bado vinayumba. Lakini nina mpango! Kinyozi wangu, ambaye mke wangu hajawahi kumwona, atakuja kesho kama mgeni. Ataketi, atasifu kwa sauti, atanunua kigoda. Pesa nimempa mimi. Nani atajua?
Mama mkwe kaomba kona ya meza yangu aweke beseni lake. Nimemkubalia. Watu watamwonea huruma, watasogea, watakutana na mimi.

Jumamosi, 8 Machi
Siku gani hii! Ukumbi una milango minne na upepo wa kutosha kusukuma meli. Tangu asubuhi milango inajibamiza, paa! paa! Watu hawasikilizani. Mama mkwe akainuka, akachomeka kipande chini ya mlango mmoja. Ukatulia. Watu wakageuka kumtazama.
Kikulacho ki nguoni mwako! Wakapanga foleni mbele ya meza YANGU, wamevipa vigoda vyangu mgongo, wanagombea vipande vya miguu ya stuli zangu! Muuza vikapu wa meza ya pili kaniuliza kama mimi ndiye msaidizi wa bibi.
Saa tisa kinyozi akatokea. Akaketi kama tulivyopanga. Kigoda kikayumba, maneno yakamtoka kichwani. Nikamkonyeza. Kikayumba tena. Ndipo mama mkwe akainama, akasukuma kipande kimoja chini ya mguu. Kigoda kikatulia tuli. Kinyozi, mpumbavu yule, akatangaza ukumbi mzima usikie kwamba tangu azaliwe hajaona kitu cha maana kama hiki. Akanunua vipande vinane vya kuweka chini ya viti vyake vya kunyolea. Kwa pesa yangu! Kigoda kakiacha palepale.

Jumapili, 9 Machi
Nimehamia barazani, mimi na randa yangu. Mke wangu hakunicheka hata kidogo, na hilo ndilo limeniuma zaidi.
Tumeingiza kitanda chumbani. Mama mkwe kapanda, kanyoosha miguu yote miwili mpaka mwisho, kafumba macho, kasema ahsante mwanangu. Nikaona haya. Kidogo tu.
Kisha akageuka ubavu. Kitanda kikayumba. Akapapasa kwenye beseni, tupu, kauza vyote jana.
Nimemwambia mama, usihangaike, wala usiinuke. Mguu mmoja tu ndio mrefu. Naandika haya huku nanoa msumeno. Ni kazi ya dakika mbili.