Mguu Mbovu wa Sadala wa Mbwera

Jumatatu, 2 Juni 1947

Leo Jumbe Shaban kapigisha mbiu Mbwera nzima. Serikali imeamua: kazi ya kulinda bohari ya boriti apewe kwanza mwenye ulemavu. Viwete, vipofu, majeruhi wa vita. Kazi ya kukaa! Kivulini! Na shati la kaki juu. Mimi ni mzima toka utosini hadi unyayoni. Nuksi gani hii?

Mke wangu Zamda yuko kwa baba yake, kijiji cha Umwe. Aliondoka akisema amechoka kufua tope la mkata mikoko, na harudi mpaka nipate kazi ya watu. Nampenda Zamda. Nyumba imepoa, wali naunguza kila siku. Basi sina njia. Nitalemaa.

Jumatano, 4 Juni

Nimelemaa. Mguu wa kulia. Nimewaambia majirani kwamba boriti imeniangukia. Fimbo nimekata mwenyewe, nzuri kweli. Wote wamenipa pole isipokuwa Kondo. Huyu aliacha mguu wake vitani Burma, naye anaitaka kazi hiyohiyo. Alinitazama nikipita, akauliza uvimbe umekwenda wapi. Nikamjibu umeingia ndani. Mguu mmoja, lakini wivu wa watu wawili!

Ijumaa, 6 Juni

Msikitini nimeswali nimekaa, kama wagonjwa. Mwenyezi Mungu anajua. Nimemwomba asimwambie Bwana Misitu, mkubwa wa serikali anayekuja kesho kuchagua mlinzi. Baada ya swala Mwalimu Zaidi kanisomea dua ndefu ya kuniponya. Roho haikutulia hata kidogo. Ikikubaliwa kabla ya kesho, itakuwaje?

Jumamosi, 7 Juni

Aibu! Maji yalikuwa yamekupwa, boti ya Bwana Misitu ikakwama mbali. Akatuma neno kwamba wanaotaka kazi wamfuate hukohuko, maana hakutaka kuvua viatu. Kondo walimkalisha ndani ya mtumbwi, wakamburuta juu ya tope. Nami wakaniita nipande. Nikakataa! Nilitaka Bwana aone ninavyoteseka. Nikachechemea peke yangu, nikiguna kila hatua. Bwana alikwisha kutoa kitambaa, anajifuta macho. Nilikuwa namwona Zamda jikoni kwangu.

Ndipo Jumbe Shaban alipotazama nyuma yangu. Sisi watu wa huku tope tunalisoma toka tunatambaa. Kwa nyayo tu tunajua nani kaiba kaa, na nani katoka kwa mke wa nani. Mimi nikasahau! Jumbe akamwonyesha Bwana: nyayo zote mbili zimezama sawasawa, za mtu mzima aliyeshiba. Tena mashimo ya fimbo yalianza upande wa kulia, yakafika katikati, yakahamia kushoto. Mkono ulichoka, ningefanyaje? Bwana akauliza ni mguu upi hasa unaouma. Nikatazama kwanza fimbo iko mkono upi.

Kazi kapewa Kondo. Watu wamecheka mpaka wakakaa chini. Kondo mwenyewe hakucheka. Alisema ataniombea kazi ya kupanga boriti mle boharini, niwe chini yake. Chini yake! Nimekataa.

Jumatatu, 9 Juni

Habari njema. Mbiu tena! Kibiti, kwenye mashine ya kuchambua pamba, wanatakiwa viziwi, kwa kuwa kelele haziwasumbui. Kule hakuna anayenijua. Nimeanza mazoezi toka alfajiri. Sisikii kitu.

Adhuhuri Zamda kaja. Kasimama mlangoni, mimi nimempa mgongo, nashona wavu. Kaniita. Kaniita tena. Akasema yaliyonipata kayasikia, kacheka mpaka hasira zote zimemwisha. Yuko tayari kurudi, tope nitafua mwenyewe, ila nimwitikie tu. Shingo ilitaka kugeuka, nikaikaza. Mazoezi ni mazoezi. Akalia kidogo, akasema basi, amekwisha kujua kwamba hatakiwi. Akachukua kikapu chake, akaondoka.

Sikugeuza hata jicho. Mke wangu mwenyewe kaamini! Kazi ya Kibiti naiona ni yangu kabisa. Nikishaipata nitakwenda Umwe kumweleza. Atafurahi sana.