Uso wa Karani

Jumatatu, 3 Februari 1947. Chaani.

Jua la kaskazi halina huruma. Shingo yote harara. Lakini habari njema! Msimamizi wa yadi ya reli ametukusanya sisi wahesabu mabehewa, akasema karani mmoja anaacha kazi, na Jumamosi atamchagua mmoja wetu akae afisini. Afisini! Kiti, paa, dirisha! Tumebaki kutazamana mimi na Mwangi, maana wengine hawajui kuandika.

Nimewaza njia nzima. Makarani wote wana nyuso laini. Kwa hiyo huchaguliwa kwa uso. Mwangi ana kofia ya pama aliyokuja nayo kutoka kwao bara, haivui hata akila. Sasa nimeelewa kwa nini. Mjanja yule!

Marehemu baba alichimba njia ya reli miaka kumi na miwili. Alipofariki alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na waliokuja kumwosha waliniuliza kama ni babu yangu. Mimi nina thelathini na sita. Naogopa, basi. Nimeshasema.

Nikamwuliza mke wangu Sidi siri ya ngozi yake. Akasema hakuna siri: asubuhi nawa kwa maji matupu, ukitoka vaa kofia, saa sita kaa kivulini, usiku ukishaoga jipake mafuta ya nazi kidogo. Basi? Hilo la kivuli hata mbuzi wa Chaani wanalijua! Mimi nataka njia ya mtu aliyesoma.

Jumanne, 4 Februari.

Mafuta kidogo usiku, alisema. Nikapiga hesabu: kama kidogo usiku yafaa, mengi mchana yatafaa zaidi. Nikabeba chupa nzima. Saa sita juu ya alama nikajipaka uso, shingo na masikio.

Lo! Niliisikia ngozi ikikaangika. Kisha injini ikapita, masizi yote yakanirukia na hayakutoka tena. Mwangi akaniuliza, kwa upole wake ule unaoudhi, kama nimehamishiwa kwenye tanuri. Nikamwambia asinizoee.

Sidi amenisugua kwa dodoki. Yale mafuta alikuwa ameyakamua wiki nzima.

Jumatano, 5 Februari.

Jana jioni nilimtuma Sidi kwa jirani yetu Bi Mwanarehema, mwenyeji wa Mvita, ambaye kazi yake ni kuwasinga maharusi. Nilitaka liwa, ule msandali uliosagwa wa kupaka ngozi. Bi Mwanarehema akauliza, kwani mumeo aolewa lini? Hata hivyo alitoa, na maagizo juu yake: jipake kidogo, ukiwa ndani, ikishakauka nawa. Nikaona hayo ni maagizo ya wanawake. Asubuhi nimejipaka unene wa kidole, nikaenda nayo kazini.

Saa nne ikakauka ikapasukapasuka. Nikicheka inadondoka, kwa hiyo sikucheka. Msimamizi akaniona kwa mbali, akarudi nyuma hatua tatu, akapiga ukelele: ndui! Yadi nzima mbio! Mwangi alikuwa wa mbele.

Nikapelekwa kwa dresa wa zahanati. Akanikwaruza shavu kwa ukucha, akanusa, akasema mgonjwa hana neno ila ananukia vizuri. Siku imepotea. Mabehewa yangu kahesabu Mwangi.

Alhamisi, 6 Februari.

Kofia! Sidi alikuwa amejishonea moja ya ukindu, pana, ya kwendea shamba la mihogo. Nikaiazima. Akasema hewala, Baba Kafedha, akaenda shambani kichwa wazi, maana kanga amembebea mwanetu Kafedha.

Ni kofia nzuri mno. Ukingo wafika mabegani. Kivuli kitupu! Sikuona jua, sikuona msimamizi, na mabehewa nayo sikuyaona. Nimeandika ishirini na tisa. Mwangi kaandika thelathini na manne. Tukayahesabu upya mbele ya watu. Thelathini na manne.

Jioni nimemkuta Sidi amejilaza, kichwa chamwuma, pua imembambuka. Nikahisi kitu kifuani. Nadhani ni mihogo.

Ijumaa, 7 Februari.

Kofia nimeiacha nyumbani. Si kwa sababu ya pua ya mtu, ni kwamba hainikai vizuri. Leo nimeona nijaribu lile la mbuzi. Saa sita nikakaa kando ya behewa. Kivuli kizuri, upepo mwanana. Nikafumba macho ili ngozi ipumzike.

Nilipofumbua, jua li usoni na msimamizi yu mbele yangu. Kivuli kilikuwa kimeondoka na treni ya Nairobi. Akaniuliza behewa lile lilibeba nini. Nikasema kivuli. Hakucheka.

Jumamosi, 8 Februari.

Kachaguliwa Mwangi.

Nikaenda kumpa mkono. Akavua kofia kwa heshima, mara ya kwanza tangu tujuane. Kumbe upara! Upara mtupu, na uso umeungua kuliko wangu. Miaka miwili yote alikuwa akificha kichwa.

Kisha msimamizi akaniita pembeni. Akanionyesha karatasi yake ya Jumatatu asubuhi. Jina la kwanza lilikuwa langu, limepigiwa mstari. Alisema hati yangu ndiyo nzuri kuliko zote hapo yadini, na alichotaka ni wiki moja tu isiyo na makosa.

Nikatoka nikasimama juani hivyo hivyo. Nililia kidogo. Chumvi haifai kwa ngozi, lakini yalitoka yenyewe.

Sidi hakunicheka. Amenisogezea kigoda kivulini, akanipakulia, akakaa nami mpaka nikamaliza kula.

Jumapili, 9 Februari.

Baada ya ibada wanawake wamemzunguka Sidi. Pua inapona, uso wang'aa, wamwuliza anapaka nini. Akawatajia yale yale manne. Manne! Nani atayaheshimu mambo manne?

Nimelala nikiliwaza jambo hili na kosa langu nimelijua. Liwa niliipaka nyembamba. Mwezi wa nne karani mwingine anakwenda kwao, na safari hii sitashtukizwa. Naandika Kanuni Ishirini na Tatu za Ngozi ya Pwani, nizifuate zote, kisha niwafundishe wengine. Nimefika ya tisa, ihusuyo kivuli.

Ni saa sita u nusu. Nimekaa katikati ya ua, maana ndani mwanga ni haba. Jasho ladondokea karatasi, shingo yawasha. Mbuzi wote wamekwisha kujibanza ukutani. Sidi ameniita mara tatu niingie kivulini. Nimemwambia asinikatize, naandika juu ya kivuli.