Harusi Kwenye Wavu wa Karantini

Jumamosi, 17 Oktoba 1936. Kiwanja cha ndege, Bir Handal.

Nimesema uongo. Mdogo tu. Umekua njiani kabla sijafika nyumbani.

Leo nilikwenda Debbet, kijiji cha mtoni, kumwamkia mama mkwe mtarajiwa. Harusi yangu na binti yake Nabra ni Alhamisi. Bi. Dahiba hajawahi kunipenda. Alitaka Nabra aolewe na binamu mwenye mitende. Amepata karani wa karantini anayekaa jangwani akipulizia ndege dawa ya mbu. Mbele ya majirani akaniuliza kama ni kweli nalipwa mshahara kwa kuwashika Waingereza paji la uso. Wanawake wakaangua kicheko. Nabra naye, nyuma ya pazia, alicheka. Nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba harusini ataimba Bahiyya Shukri.

Bahiyya Shukri wa kwenye santuri! Bi. Dahiba akanimiminia chai mara ya pili. Hajawahi.

Sikubuni yote. Mahjub, fundi wa simu ya upepo anayesema na marubani hapa kiwanjani, ameniambia Bahiyya atapita Jumatano akitoka Khartoum kwenda Cairo. Atashuka, ndege itajazwa petroli, ataondoka.

Imebaki tu asiondoke.

Jumatatu, 19 Oktoba.

Nimemwomba Mahjub amwambie rubani kuna dhoruba ya mchanga kaskazini. Amekataa. Kasema hewani kuna watu wenye roho zao, yeye haongopi hewani. Eti maadili! Mtu anayeipaka tarbushi yake kuukuu rangi ya viatu! Mahjub na mimi tunagombania kila kitu: kiti cha kivulini, gazeti la Cairo kabla halijakunjwa, sifa kwa mkubwa wetu, Dakta Loxley. Nilikosea kumwomba.

Basi nitatumia mamlaka yangu mwenyewe. Homa ya manjano! Msafiri wa kutoka kusini akikutwa na joto, habanduki hapa. Kipimajoto ni changu. Chai ni yangu. Bibi atapanda joto Jumatano, atashuka joto Alhamisi mchana, ataimba jioni, ndege ya Jumamosi itamchukua. Nani ataumia? Hakuna. Nashangaa serikali haijanipandisha cheo.

Jumatano, 21 Oktoba.

Mpango umefaulu. Umefaulu kupita kiasi.

Bahiyya alishuka na miwani myeusi. Nyuma yake Mzee Zaki, mpiga udi wake, kaukumbatia udi kama mtoto mchanga. Nikamshika bibi kifundo cha mkono (mkono wa Bahiyya Shukri!), nikamweka kipimajoto mdomoni, kisha nikageuka na kukichovya kwenye gilasi ya chai. Dakta Loxley huwa amelala saa ile. Leo hakulala. Akakichukua mkononi mwangu, akakisoma, akamtazama bibi kama anayetazama maiti iliyovaa viatu vya kisigino. Akaamuru nirudie. Safari hii nikachovya ncha tu. Homa nzuri, ya kuaminika.

Dakta akasema taratibu: nyumba ya wavu, ya kutengea wagonjwa, siku sita.

Nikasema pengine siku moja ingetosha. Akanionyesha kwa kidole tangazo la ukutani. Siku sita. Mwandiko ni wangu.

Halafu akasema yeyote aliyemgusa mgonjwa bila kuchanjwa aingie naye. Rubani amechanjwa, akaondoka na ndege yake. Mzee Zaki hakuchanjwa. Mimi nimechanjwa kwa maneno tu. Siku ya sindano nilijificha stoo nyuma ya magunia ya tende, na Dakta, kumbe, anakumbuka nani alimkimbia.

Niko ndani. Kesho ni harusi yangu.

Alhamisi, 22 Oktoba. Asubuhi.

Nyumba ya wavu ni nzuri kwa mbu, maana hawaingii. Kwa bwana harusi si nzuri.

Nilimpima Bahiyya tena, Dakta akitazama kwa nje. Bibi alikitoa kipimajoto, akalamba midomo. Akasema polepole, "Efendi, hiki kina sukari."

Nikasema ni dawa.

"Na mnanaa?"

Mzee Zaki alicheka mpaka akapaliwa, na Dakta akaanza kumtilia shaka na yeye kwa kikohozi. Dakta alipoondoka nikamweleza bibi yote: Bi. Dahiba, mitende ya binamu, kicheko cha majirani. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu: kesho Cairo ukumbi utajaa watu waliojinyima ili wamsikie, nani atawaimbia? Mimi? Afadhali angenipiga kiatu. Mpaka sasa hajanisemesha tena, na nyumba yenyewe ina chumba kimoja.

Mahjub kaja na ful, maharage ya kuponda yenye mafuta ya ufuta, akaipitisha kwenye kijidirisha cha chakula. Nikamwomba aende Debbet awaambie harusi iahirishwe. Akatabasamu. "Usiwe na wasi, ndugu yangu. Nitajua la kuwaambia." Nayajua meno yake hayo! Kaondoka na lori la petroli, na kanzu yangu ya harusi kwapani.

Kanzu yangu! Jioni atarudi ameoa kwa niaba yangu.

Siku hiyohiyo, baada ya alasiri.

Kwanza vumbi. Halafu matari. Halafu vigelegele. Mahjub kaileta Debbet nzima juu ya lori, wengine wamekalia madebe, wengine wamening'inia ubavuni. Kawaambia bwana harusi amejitolea kukaa karantini ili amlinde mgeni wake mashuhuri. Aliyesema haongopi hewani! Nilipomkumbusha akasema ardhini ni ruhusa. Kanzu akaipitisha kwenye kijidirisha, imepigwa pasi.

Bi. Dahiba alikuja hadi kwenye wavu, akamkodolea macho Bahiyya. Akamuuliza, "Ni wewe kweli, mwanangu, au wamefananisha?" Kisha akawageukia majirani na uso wa mtu aliyeshinda kesi.

Nabra hakuja na vigelegele. Alisimama mbele yangu, hina mikononi, wavu kati yetu.

"Fikri. Nani kakufungia humu?"

Nikasema ni kazi.

"Nimekuuliza nani."

Nikasema mimi.

"Na huyu bibi wa watu?"

Nikasema mimi pia. Nabra akafumba macho. Nilidhani atarudi kwenye lori, na hapo ndipo niliogopa kweli, si kwa ajili ya majirani. Nikamwambia nilitaka tu mama yake asinicheke tena. Akajibu kwamba yeye hakuahidiwa mwimbaji, aliahidiwa mume. Na kama mume mwenyewe ni huyu, basi akamwombe yule bibi radhi sasa hivi, kwa sauti, watu wasikie.

Nikaomba radhi. Kwa sauti. Debbet nzima ikasikia, hata walioning'inia. Mahjub alitazama viatu vyake, sijui kwa nini macho yalikuwa yamemlowa.

Bahiyya alivua miwani. Akamuuliza Nabra, "Bado unamtaka?"

"Nimeshapaka hina," Nabra akasema. "Na nimemzoea."

Shehe akaleta ugumu: baba wa bibi harusi na bwana harusi lazima washikane mikono. Dakta Loxley akasema mikono haigusani ng'o. Wakabishana, mmoja kwa sheria ya Mungu, mwingine kwa sheria ya mbu. Mwisho Hajj Samil, baba yake Nabra, mtu asiyependa kelele, alibandika kiganja chake kwenye wavu. Nikabandika changu upande wa ndani. Shehe akatandaza leso nyeupe juu yake, na nikaoa. Kiganja cha mzee kilikuwa cha moto. Au changu.

Ndipo Bahiyya akamwambia Mzee Zaki akaze nyuzi. Akasema haimbi kwa ajili ya karani, anamwimbia binti. Akaimba, na jua bado liko juu ya vilima. Wanawake wa Debbet, ambao huimba juu ya sauti ya yeyote, walinyamaza. Dakta alikalia debe la petroli, kofia magotini, hakuelewa hata neno, hakuondoka. Bi. Dahiba alilia waziwazi. Mwisho wa wimbo alinyoosha mkono kwenye wavu na kuniita mwanangu.

Kisha wakapanda lori na kwenda kula harusi yangu. Mke wangu naye wakamchukua.

Jumanne, 27 Oktoba.

Tumetoka. Hakuna aliyeugua isipokuwa mimi, kwa tende nyingi. Bahiyya amepanda ndege ya asubuhi. Kasema Cairo wameahirisha, na anawaza kumtaja daktari wa hapa kwa wema na karani wa hapa kwa ubaya. Kisha akampa Nabra shali yake ya hariri. Mimi kanipa kidonge cha sukari kilichosalia kwenye sahani.

Dakta ameninyang'anya kipimajoto. Amempa Mahjub! Mimi nimebakiwa na bomba la dawa. Mahjub kajitia kunihurumia na kuniachia kiti cha kivulini. Nimekalia. Kina mguu mmoja mfupi.

Nabra kaniapisha: hakuna mipango tena. Nimeapa. Nimeapa kwa moyo wote. Mimi ni mtu mpya.

Ijumaa, 30 Oktoba.

Bi. Dahiba anaumwa jino. Shavu limevimba, hali, halali, na ameanza tena kumtaja binamu wa mitende. Mahjub anasema Jumatatu anapita daktari wa meno wa mabwana wakubwa wa Cairo. Nimemwambia mama mkwe avumilie hadi Jumatatu jioni.

Kipimajoto sina. Lakini kanuni iko wazi: mbu mzima akionekana ndani ya ndege, ndege hailali kwingine ila hapa. Na anayekagua mbu ni nani?

Nimeshinda mtoni tangu alasiri. Nimepata watatu, wenye afya nzuri. Nabra ananiuliza kwa nini kifuniko cha chupa nimekitoboa matundu.

Nimemwambia ni kazi.