Klakson Iliyoharibu Maziko

Leo nimeaibika mbele ya jeneza.

Gari yangu munaijua. Tangu garantie yake ya kutengenezewa bure iishe imekuwa kama mugonjwa wa kulazwa: mara radiateri, mara breki, na kapo ya mbele, kile kifuniko cha injini, inamutii fundi wangu tu, Tonton Deo. Jana ilikuwa zamu ya klakson, honi yenyewe, ilikuwa imekufa kabisa. Tonton Deo akaunga nyaya zake chini ya usukani, akaijaribu, akasema kwa fahari, "Sasa watakusikia mpaka Kamanyola."

(Nikamushukuru. Mimi mwenyewe, kwa kinywa changu.)

Leo asubuhi tulikuwa na maziko ya mjomba wa mke wangu. Nikapewa heshima ya kumubeba mjane, Maman Nabintu, pamoja na mama mkwe wangu. Nikajipanga nyuma ya gari iliyobeba jeneza, tukaanza kushuka polepole kutoka Cimpunda.

Kona ya kwanza, kushoto. Klakson ikalia. Nikanyoosha usukani, ikanyamaza. Nikakwepa shimo, ikalia tena. Na barabara ile, shimo linakabidhi gari kwa shimo lingine. Pi. Pi-pi. Piiii. Mlio wenyewe wa msafara wa arusi.

"Mukwe," mama mkwe akaniita taratibu, "unafanya nini?"

"Si mimi, maman. Ni gari."

Msafara ukasimama kidogo kupisha lori. Nikampigia Tonton Deo.

"Tonton, klakson inalia kila nikikata kushoto."

Akafikiri. "Basi usikate kushoto."

Chini kidogo, wamama wanaouza nyanya wakatusikia, wakapiga vigelegele. Mmoja akakimbia mpaka dirishani, meno yote nje. "Bibi arusi iko wapi, tumuone?"

Akakutana uso kwa uso na Maman Nabintu, mweusi wa nguo toka kichwa mpaka miguu. Kigelegele kikamukatikia mdomoni. Nikatamani shimo moja linimeze. (Mashimo ya kwetu yanameza magurudumu. Watu hayataki.)

Nikazima gari. "Maman, munisamehe. Wacha niwatafutie gari ingine."

Mjane alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Kumbe anacheka.

"Endesha," akasema. "Siku ya ndoa yetu tulienda kanisani kwa miguu, mvua inatupiga. Marehemu aliniahidi msafara wa magari maisha yake yote." Akapangusa macho. "Iache ilie."

Basi ikalia mpaka makaburini. Padri alisubiri nimalize kupaki ndipo akafungua kitabu chake.

Tulipomaliza kuzika, shemeji yangu akanivuta pembeni. Nikajiandaa kutukanwa.

"Siku ya samedi niko na arusi ya rafiki yangu," akaninong'oneza. "Gari yako iko libre, haina kazi?"

Tafadhali musicheke. Tuko na msiba.